Pikapu ya Mkunga Bado Inalia

Mume wangu gereji nzima inamwita Masikio, na jina hilo hakuliokota barabarani. Gari bovu likiletwa, hagusi spana kwanza. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaikita kwenye chuma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Hapo fundi rangi anazima redio, mchomeaji anaacha kuchomea, na mimi kwenye kijiduka changu cha spea nanyamaza, mimi ambaye mdomo wangu hauna breki. Akifumbua macho anasema neno moja tu: "Mkanda." Au, "Pampu ya maji." Na ndicho hicho. Hakuna fundi anayekagua tena gari ambalo Masikio ameshalisikiliza. Itakuwa kumtukana.

Sasa nyumbani, jamani, mimi ndiye ninayeishi naye. Namuuliza, "Baba Pacha, maji yamechemka?" Ananijibu, "Nimeshamwambia, atakuja kesho." Nani huyo? Mwanzoni nilidhani ananidharau, tukagombana kweli. Nilipogundua kwamba nikiwa nyuma yake hanisikii kabisa, hasira ikaniisha, nikamwambia twende hospitali. Alinijia juu! "Ili waseme nini? Masikio hasikii? Si watakufa kwa kicheko! Nani ataniletea gari tena?" Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaufunga mdomo.

Ndipo akaja mkunga mstaafu na pikapu yake kuukuu, anayompelekea mumewe mgonjwa kliniki. Mama huyu ndiye aliyewapokea pacha wangu, na nusu ya watoto wa mtaa.

"Mwanangu," alimwambia mume wangu, "inalia tik-tik-tik huko chini kwenye gia. Nikiongeza mwendo, nayo inaharakisha. Mzee wangu ana wasiwasi tutakwama njiani."

Wakaipandisha juu ya stendi za chuma, magurudumu ya nyuma yakining'inia. Fundi umeme akaingiza gia, akakanyaga mafuta kidogo. Tik-tik-tik. Nilisikia hata nikiwa mlangoni pa duka. Masikio alikuwa amelala chini ya gari na bisibisi yake, macho ameyafumba, na akakaa hivyo muda mrefu mno. Alipoyafumbua hakuitazama giaboksi. Alitutazama sisi nyusoni, kama mwanafunzi anayechungulia karatasi ya mwenzake.

"Beringi ya giaboksi," akasema.

Nilijua amebahatisha. Na unajua nilifanya nini? Niliingia dukani, nikaitoa beringi mpya kwenye rafu, nikamuuzia yule mama bila hata kupepesa macho.

Giaboksi ikashushwa, kazi ya kuvunja mgongo. Walipoifungua nilimwona mume wangu akiizungusha ile beringi ya zamani kidoleni. Ilizunguka laini, nzima kabisa. Wenzake nao waliiona, nao wakajikausha, maana nani amkosoe Masikio? Akafunga mpya.

Mkunga akaitwa. Injini ikawashwa, gia ikaingizwa, magurudumu yakazunguka. Tik-tik-tik-tik. Mlio uleule, wala haukupungua.

Mume wangu akainua kidole, uso unamng'aa. "Mnasikia? Kimya!"

Mungu wangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mchomeaji akainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka. Fundi rangi akakodolea macho kandambili zake. Halafu fundi umeme, aliyekaa kwenye usukani, akasema, "Safi, bosi," na wengine wakadakia, "Safi kabisa." Na mimi pia. Mimi mkewe, ninayejua kila kitu, niliitikia kwa kichwa nikasema safi.

Mkunga hakusema safi. Alitutazama sote, akazunguka, akasimama nyuma ya mume wangu, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Fundi, suruali yako inashika moto."

Masikio hakugeuka. Alikuwa bado anatutabasamia.

Kile kicheko alichokuwa anakiogopa hakikutoka kwa mtu yeyote. Mkunga akamshika bega, akamgeuza taratibu, akamwambia ana kwa ana, maneno akiyatamka moja moja: "Bado inalia, mwanangu."

Mume wangu akanitazama mimi. Nikaangalia chini. Nikajua ameshaelewa yote, kwamba siri imetoka, na kwamba sisi tulisimama pale tukamwacha ajiaibishe. Uso ukamsawijika. Nilidhani atachukua shati lake aende nyumbani. Hapana. Alifungua mlango wa pikapu azime injini, mkono ukafika kwenye ufunguo ukasita. Mshale wa spidi ulikuwa unarukaruka. Mguu wa fundi umeme haukucheza, magurudumu yanazunguka mwendo mmoja, lakini mshale unapanda na kushuka wenyewe. Mtu yeyote angeuona tangu siku ya kwanza, ila nani angejisumbua kutazama dashibodi wakati Masikio ameshasema giaboksi?

"Kebo," alisema. Kebo ya spidi, ule waya mrefu unaotoka kwenye giaboksi mpaka kwenye dashibodi. Akauchomoa. Ulikuwa umekauka, hauna hata tone la grisi, na umepinda mahali ulipobanwa, kwa hiyo kila ukizunguka unagonga. Nikamkimbizia mpya kutoka dukani, safari hii bure, na hata hakunitazama alipoupokea. Akaupaka grisi, akaupitisha vizuri, akaufunga.

Magurudumu yakazunguka tena. Safari hii ilisikika injini peke yake.

"Imenyamaza?" akauliza.

"Imenyamaza, bosi!" wakaitikia wote, tena kwa furaha ya kweli. Nami nikasema, nikiitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma, "Imenyamaza, Baba Pacha, haki ya Mungu."

Akatutazama mmoja mmoja, na mimi mwisho. Kisha akatugeuzia mgongo, akamwendea mkunga.

"Mama," akasema, "wewe niambie. Imenyamaza?"