Manyoya ya Pasaka Mlangoni Kwangu

Shule niliiacha darasa la tatu na sijawahi kuililia. Nyumba yangu hapa Kizwite nimeijenga kwa matofali niliyofyatua na kuyachoma mwenyewe, na mlango wake nimeuchonga kwa mikono hii. Kwa hiyo atakayeniuliza kwa nini kila Pasaka mlango huo una manyoya ya kuku, nitamjibu bila kuinamisha kichwa.

Mke wa mwanangu ni Mswidi. Walioana huko kwao, kisha wakaja kuishi nami. Pasaka yake ya kwanza hapa ilipokaribia, nilimkuta uani na ndoo, matawi ya mpera aliyoyapukutisha majani, na furushi la manyoya. Mengine ameyachemsha na manjano, mengine na maganda ya vitunguu. Anayafunga kwenye matawi kwa uzi, moja moja.

"Unafanya nini, mama?"

"Pasaka ya kwetu, baba. Wakati huu kule bado baridi, miti haina kitu. Mama alikuwa anafunga manyoya hivi, nyumba ionekane imechanua."

Mama yake alikuwa amefariki, hata mwaka haujaisha. Akaongeza, anacheka, kwamba watoto wa kwao siku hizo hujifunga vilemba na kujipaka rangi mashavuni, wanajifanya wachawi, wanapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende.

"Hilo la wachawi," nikamwambia, "limeze. Usimwambie mtu."

Mji wetu unavyosemwa huko nje kwa uchawi, mnajua wenyewe.

Jumapili baada ya misa, jumuiya yetu ilikuwa inakuja kula kwangu. Mimi nilitoa jogoo na ugali wa ulezi. Yeye akaandaa vya kwao: mayai aliyoyachora maua, viazi, na migebuka aliyoiloweka kwenye siki, vitunguu na sukari. Samaki na sukari! Alikuwa amehangaika tangu alfajiri, na kila mara ananiuliza, "Watakula, baba?"

"Watakula."

Ndoo yake ya matawi akaiweka mlangoni.

Wakaja wakiimba mpaka getini. Hapo wimbo ukakatika. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akasimama, na wenzake wote nyuma yake.

"Mzee mwenzangu, mlangoni kwako kuna nini?"

"Manyoya."

"Manyoya nayaona. Ya nini?"

"Ya jogoo anayewangoja kwenye sufuria."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akasema ameacha mtoto mgonjwa nyumbani, akageuka kuondoka. Mkwe wangu akatokeza, akawatazama, akaelewa. Akainama aichukue ndoo akaitupe, machozi yanamlengalenga.

"Weka chini," nikamwambia. "Mlango huu kauchonga nani?"

"Wewe, baba."

"Basi cha kukaa hapo nasema mimi."

Nikavuta kigoda, nikaketi pale pale mlangoni, manyoya yananitekenya sikio. Nikaagiza sahani ya migebuka, nikala mbele yao mpaka ikaisha. Kisha nikachomoa nyoya la njano, nikalichomeka kwenye kofia yangu.

"Huyu binti amefiwa na mama yake," nikasema kwa sauti. "Mama yake alipamba nyumba hivi siku ya Pasaka, kama ninyi mnavyopamba altare kwa maua. Mwenye njaa aingie. Anayeogopa kuku aende kwake."

Mama mwenyekiti akanitazama, nyoya linapepea kichwani.

"Yesu wangu! Mzee kageuka jogoo!"

Akacheka mpaka akashika mbavu, akaingia wa kwanza. "Nipe na mimi hao samaki." Akatafuna, akatulia, akatafuna tena. "Wamekosewa, lakini wanalika." Ndipo akamshika mkwe wangu mkono. "Pole na msiba, mwanangu. Mbona hukutuambia tukaja kukaa na wewe?"

Wengine wakafuata. Hata yule wa mtoto mgonjwa alirudi. Mtoto alikuwa amepona ghafla.

Tangu hapo jogoo wa Pasaka namchagua mimi, na namchagua mweupe, maana manyoya meupe ndiyo yanayoshika rangi. Mwaka huu mama mwenyekiti alituma aletewe matawi ya mlangoni kwake, akasisitiza ya njano tupu. Samaki bado anasema wamekosewa. Sahani yake bado inarudi nyeupe.