Ukingo wa Mshono

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana iliyotunza pantoni ya mto Kilombero, karibu na Ifakara. Mlango wa pantoni, ule wa kupandia malori, ulishikwa na mikono miwili ya chuma. Kila baada ya miezi michache mmoja ulipasuka. Nikauchomelea, nikaongeza chuma mpaka mshono ukanenepa kama kidole gumba. Ukapasuka mapema zaidi.

Fundi mwenzangu, mtu mzima wa Mahenge, akanionyesha ufa.

“Mshono wenyewe mzima, mdogo wangu. Ufa umeanzia pembeni, unapokutana na bamba. Ukishapoa, uponde hapo.”

Nikachukua nyundo na tindo butu, nikagonga ukingo wote, pigo kando ya pigo, mpaka ukajaa vishimo vidogo vinavyong’aa. Mkono ule ulimaliza masika mawili. Wa pili, ambao sikuugonga, ulipasuka tena. Nilimsimulia hata shemeji yangu, mume wa dada, aliyekuwa akifungua mlango wa pantoni. Akacheka, akasema sasa atakanyaga bila wasiwasi.

Mzee yule alipoacha kazi na kurudi kwao, msimamizi alikuja kukagua.

“Nani kaharibu chuma hiki?”

“Bwana, kugonga kunazuia ufa.”

“Jazia vishimo, upake rangi.”

“Ndiyo, bwana.”

Nikajazia kwa kuchomelea tena juu yake. Nilijua ukingo mpya nao ulitaka kugongwa, na nyundo ilikuwa mezani. Sikuigusa. Niliogopa kufukuzwa, na shemeji sikumwambia.

Lori la mpunga lilipokanyaga mlango, mkono ule ukakatika. Mlango ukachomoka ukambana shemeji kiunoni, kwenye ubavu wa pantoni.

Hospitalini nilikaa naye siku tatu. Siku ya mwisho akaniuliza taratibu, “Shemeji, chuma kimekatikia wapi?”

“Pembeni mwa mshono.”

“Si ulisema ulipagonga?”

Nikamrekebishia shuka. Akageuzia uso ukutani. Hakunisemesha tena mpaka alipokata roho.

Msimamizi aliandika kwamba chuma kilichoka, nami nikaitwa kuchomelea mkono mwingine. Dada yangu aliishi miaka mingi akiwaambia watu jinsi nilivyomuuguza mumewe, na kila aliponishukuru mbele yao niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.