Tunaenda Ahmedabad Kutembea

Jina la Ahmedabad nililijua kabla ya kuijua miji mingi ya Kenya. Mama aliuza leso na vitambaa sokoni Nakuru, na marobota yake yalikuja yameandikwa jina hilo kwa wino mweusi. Hapo ndipo nilipojifunzia kusoma, nimekaa juu ya robota nikiunganisha herufi, yeye akipimia wateja. Nilipomuuliza ni wapi huko, alisema ni mji wa viwanda, India, mitambo inafuma bila kupumzika. Nikamwambia nitaenda kuuona. Alicheka, akanituma maji.

Nilikuwa mtu mzima, nafanya kazi Riyadh kwenye nyumba moja ya Al-Malqa, wazo hilo liliporudi. Kazi yangu ilikuwa kumtunza mama mzazi wa bosi, ajuza aliyepooza upande mmoja. Adhuhuri moja, amelala, nilitafuta mji ule kwenye simu. Nikaona mto katikati ya mji na watu wakipunga upepo kandokando. Nikaona kisima cha kale unachokishukia kwa ngazi za mawe, orofa baada ya orofa chini ya ardhi. Nikaona msikiti ambao dirisha lake ni jiwe lililochongwa likawa mti mzima, matawi yamesokotana, na aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mtu wa kwetu Afrika. Hapo nikampigia rafiki yangu Jeddah.

Huyu rafiki ni Mmombasa. Tulikutana kwenye ndege siku tunakuja Saudia, akanishika mkono tulipopaa. Sasa anashona abaya kwenye duka moja la mtaa wa Ruwais, na kafili wake, mwajiri anayemdhamini, ni mama mpole asiyemkatalia likizo.

"India kwenda fanya nini, mwenzangu? Waumwa?"

"Siumwi. Kutembea tu. Siku nne."

Akacheka kwa sauti. "Kutembea! Kama wale wazungu wa kofia! Wallahi twaenda."

Kuanzia siku hiyo kila Ijumaa ilikuwa ya mipango kwenye simu. Tuligombana vizuri sana. Yeye alitaka siku mbili nzima kwenye soko la vitambaa. Mimi nilitaka kisima na msikiti. Aliposikia kwamba mahoteli mengi ya huko hupika mboga tupu, nusura ajitoe. Nikamwambia atakula dengu siku nne na hatakufa. Tukakubaliana: asubuhi zangu, jioni zake.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa. Bila kafili kukutolea ruhusa ya kutoka na kurudi, huendi popote.

"Sema waenda hospitali," rafiki yangu alinishauri. "Wote wajua watu wetu huenda India kutibiwa. Hawatauliza."

Nilifikiria. Urongo ule ulikuwa mwepesi, lakini ulinikera. Miaka yote hiyo nimevuka mipaka kwa sababu ya kazi au ya shida. Mara hii nilitaka sababu yangu itajwe kwa jina lake.

Nikamwendea madam, mke wa bosi, akinywa kahawa, nikamweleza.

"Unaumwa?" aliuliza.

"La, madam. Siyaha. Utalii."

Aliweka kikombe chini. "Wewe? Mtalii? Kwenye mji wa viwanda?" Akacheka mpaka akajifuta macho. "Na ukikimbia?"

"Madam, anayetaka kukimbia haombi ruhusa."

"Mafi," alisema, yaani hakuna ruhusa. "Halas. Basi."

Nililia kidogo chumbani, nikanawa uso, nikaenda kumlisha ajuza. Sikulitaja tena kwa wiki kadhaa. Lakini mkataba wangu ulikuwa unaisha, na bosi, ambaye nilimwita baba, akaniita sebuleni kuuliza kama nitaendelea. Madam alikuwa pale. Nilisimama wima.

"Baba, naweza kuondoka kabisa, nipitie India nikienda kwetu. Au mnipe ruhusa, niende siku nne, nirudi kumtunza mama yako. Ahmedabad nitaiona kwa njia yoyote."

"Unanitisha?"

"Hapana, baba. Nakuambia mpango wangu."

Alinitazama, akamtazama mkewe. Chumba cha pili ajuza aliita jina langu, kama aitavyo akitaka kugeuzwa. Kisha baba akatoa simu.

"Tarehe gani?" aliuliza.

Nilizitaja. Akabonyeza hapa na pale, akanigeuzia kioo nione ruhusa imetoka. Madam akasema, kwa sauti ya chini, nimletee kitambaa chenye nyuzi za dhahabu. Nilikwenda kumgeuza ajuza nikitabasamu.

Likizo ilipofika, familia nzima ilisafiri Jeddah, nami pamoja nao, na Ijumaa nikapanda teksi mpaka Ruwais. Chumba cha rafiki yangu kilijaa vipande vya vitambaa vyeusi; tulisukuma cherehani ukutani tukapata pa kukaa. Visa yake ya India ilikuwa imetoka. Yangu ilikuwa kimya, nami nilikuwa nimejiandaa kukataliwa. Tulikuwa tunakula wali wa samaki simu yangu ilipolia. Nilifungua, nikasoma, nikampa asome yeye, maana sikuyaamini macho yangu.

"Imekubaliwa," alisema. Halafu akapiga kelele: "Imekubaliwa! Na hapa, tazama, wameandika mtalii!"

Akapiga vigelegele vya Kimombasa vilivyotoboa ukuta. Mimi nikaruka, sahani ikamwagika, nikacheza juu ya wali. Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani, mama wa Kihijazi, ameshika mtandio kichwani.

"Kuna harusi?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Hakuna harusi, khala," rafiki yangu alimjibu akihema. "Tunaenda India kutembea!"

Yule mama alitutazama, sisi wawili na wali sakafuni. Kisha akatupa kichwa nyuma akapiga vigelegele vyake, virefu kuliko vyetu, akaenda kutuletea tende.