Pampu Iliyopigwa Risasi

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ambayo serikali ya kikoloni ilitangaza dhidi ya wapiganaji wa msituni, nilikuwa fundi wa mabomba katika ofisi ya ujenzi ya serikali pale Embu, na mama yangu alikuwa akiishi kilimani bila kupenda. Watu wote wa bonde letu walikuwa wamehamishwa wakarundikwa juu ya kilima, kijiji kikazungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongoka, na mnara wa walinzi ukasimamishwa. Mambo yote ya usalama yalipelekwa juu. Maji yalibaki chini, mtoni. Asubuhi wanawake walisindikizwa kwenda kuteka, na filimbi ikilia kila mmoja alirudi, awe amejaza au hajajaza. Mama alikuwa na goti bovu. Mara nyingi filimbi ilimkuta bado anateremka, naye akageuka na debe tupu.

Baadaye serikali ikaamua kupandisha maji. Kazi hiyo alipewa mhandisi mpya, kijana wa Kizungu aliyekuwa hajamaliza hata msimu mmoja wa mvua nchini. Alinichukua mimi kwa sababu nilikuwa nimesomea ufundi na nilijua lugha ya kule. Kiswahili chake alikuwa amejifunza melini, kwenye kitabu. Aliweza kuagiza chai na kuuliza kama kuna simba karibu. Mengine tulisaidiana.

Petroli ilikuwa imefungiwa katika kambi ya askari, kwa hiyo akachagua pampu isiyotumia mafuta. Maji ya mto huingia kwa kasi kwenye bomba, vali inajifunga ghafla, na kishindo hicho kinasukuma maji kidogo kwenda juu. Vali inafunguka, maji yanaingia tena, inajifunga tena. Kazi yote iko kwenye kile kishindo. Alipima bonde kwa darubini yake siku nzima, akapiga hesabu akiwa amekaa juu ya jiwe, akasema maji yatafika.

Mabomba yaliletwa kutoka Makutano, Meru, kwa lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu. Alikuwa amezuiwa njiani kwenye kila kizuizi ili aeleze mabomba ni ya nini. Yalipofika yalikuwa membamba kuliko yale yaliyoagizwa. Mhandisi akayatazama, akarudi kwenye jiwe lake, akaanza hesabu upya.

Tulipokuwa tukila viazi vitamu nikamwuliza, "Bwana, kazi yako na yangu zina tofauti gani?" Nilitaka kujua kweli, maana wote wawili tulikuwa na tope hadi magotini.

"Mimi nasema kwa nini maji yatapanda," akasema. "Wewe unafanya yapande."

"Na yasipopanda?"

"Tutaulizwa wote."

Siku hizi vyuoni kazi hizo mbili wanaziita uhandisi na teknolojia, na nasikia wanafunzi wa huku hawasalimiani na wa kule. Sisi tulijaribu kubadilishana. Alinifundisha hesabu zake mchana mmoja, nikazifuata hadi mstari wa pili, kisha nikabaki nikitikisa kichwa kwa adabu. Yeye akajaribu kuchonga meno ya kuungia kwenye ncha ya bomba, likatoka limepinda tukalazimika kulikata. Baada ya hapo kila mtu akarudi kwenye lake, na hakuna aliyekasirika.

Siku ya kuwasha, niliikandamiza vali kwa mkono mpaka ikashika mwendo wake. To, to, to. Tukapanda kilima. Wanawake walikuwa wamesimama kuzunguka tangi tuliloliweka kijijini, kama watu walio msibani. Bomba likakohoa, likatema hewa, likatema kutu, kisha maji yakaja. Mama akakinga kiganja, akaonja.

"Ni yale yale," akasema.

"Ni yale yale, mama. Yamepanda tu."

Akaenda kuleta debe. Moyo wangu ulijaa, lakini kwetu mtu hasemi mambo kama hayo mbele ya watu, kwa hiyo nikakaza nati ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Jioni hiyo upepo ukageuka. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, na ndani ya ukungu ikapanda ile sauti. To, to, to. Mlinzi aliyekuwa zamu mnarani hakuwa ameambiwa habari za pampu. Alichoambiwa ni kwamba adui atatokea mtoni. Akapiga risasi. Wenzake, kwa kuwa mmoja amepiga, wakapiga wote.

Mimi na mhandisi tulilala kifudifudi kwenye tope nyuma ya tangi. Pampu haikukosa hata pigo moja, na hilo liliwaudhi walinzi zaidi.

"Ile ni pampu," mhandisi akasema, uso wake ukiwa chini.

"Najua, bwana."

"Waambie."

"Wakinyamaza nitawaambia."

Walinyamaza risasi zilipokwisha. Hakuna mtu aliyeumia. Kulipokucha tukakuta risasi moja imetoboa bomba, na ng'ombe wa mtu asiyejulikana alikuwa akinywa pale.

Afisa wa tarafa akaja akaamuru pampu ifanye kazi kimya. Mhandisi akamweleza kwamba bila kishindo hakuna maji. Afisa akasema basi kishindo kipunguzwe nusu. Mhandisi akajibu kwamba maji nayo yatapungua, kisha akanigeukia. "Hili halimo kwenye hesabu," akasema.

Nikaomba walinzi wote washuke mtoni. Wakashuka na bunduki zao, na mmoja baada ya mwingine nikamshikisha mkono juu ya pampu mpaka akazoea pigo lake. Yule aliyepiga risasi ya kwanza alikaa hapo muda mrefu. Akauliza kama inachoka. Nikamwambia haichoki. Akasema ina bahati.

Tukakubaliana: sauti ikisikika, kuna amani. Ilionekana mpango mzuri, mpaka jani lilipoziba vali na pampu ikanyamaza. Walinzi wakapuliza filimbi, wakawatoa watu wote majumbani na kuwakalisha uwanjani, mama yangu akiwemo, wakitafuta nani ameinyamazisha. Nilipigiwa simu Embu, nikaja kwa baiskeli, nikatoa jani, watu wakaruhusiwa kwenda kupika. Mhandisi akachora kichujio, akapima matundu yake yawe na ukubwa gani. Nikakitengeneza kwa bati na msumari.

Mwaka uliofuata alihamishiwa upande wa Meru, kutafutia maji vijiji vya Kianjai. Tulipoagana alinipa rula yake ya kupigia hesabu za kuzidisha na kugawanya, ile yenye kipande cha katikati kinachoteleza. Alisema nikifanya mazoezi nitaizoea. Nilifanya mazoezi kwa wiki kadhaa, nikafaulu kuzidisha mbili kwa mbili. Baada ya hapo niliitumia kupigia mistari kwenye mabomba kabla ya kuyakata, na kwa kazi hiyo ilikuwa rula nzuri sana, imenyooka kabisa, mpaka namba zikafutika.