Kitambaa cha Laptop ya Ketrina

Haya nitakayosema hamtayaamini, na sitawalaumu, kwa sababu hata mimi ningeyakataa kama ningeyasikia kwa mtu mwongo. Bahati yenu mnayasikia kwangu.

Ketrina ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Ferista wa Isansa. Alizaliwa kwenye kahawa, akakulia kwenye kahawa, na siku alipopata akili aliapa hataokota tunda jingine la kahawa mpaka afe. Akashuka Tunduma. Miaka hiyo Songwe haijawa mkoa, bado tunahesabiwa Mbeya, na foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa ndefu kiasi kwamba kichwani mwake walisalimiana Kibemba na mkiani Kisafwa.

Kando ya foleni hiyo Ketrina alipanga kibanda cha bati. Ndani mlikuwa na meza, printa na laptop iliyokwisha kutumiwa na watu wengine huko Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kazi yake ilikuwa kuwachapia madereva karatasi za mizigo, na karibu kazi yote ilitoka kwa Bi Raudha, wakala wa forodha, mama wa Kitanga asiyecheka kabla ya chai. Bi Raudha huyohuyo ndiye alikuwa mwenye vibanda. Kwa hiyo ukimuudhi, unapoteza kazi na paa kwa mpigo mmoja.

Sasa, kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata kochi linavishwa mgongoni kama bibi harusi. Dada Ferista aliposikia bintiye ana kompyuta, akakaa chini akafuma kitambaa cha uzi mzito, maua ya waridi pande zote, akakituma na basi. Ketrina akakitandika mezani, laptop ikalazwa juu, pindo zikapandishwa ubavuni ili vumbi la malori lisiingie. Ilivyokuwa imelala pale, mtu ukiingia unatamani kuipa pole.

Na kweli ilikuwa mgonjwa. Ikiwashwa, haikawii kupata joto. Feni inalia kama nyuki waliochokozwa, kisha pu! Kioo kimekuwa cheusi, karatasi ya dereva imeyeyuka, na dereva mwenyewe amesimama mlangoni anauliza kama aanze upya kutaja jina la baba yake.

Upande wa pili wa bati palikuwa na Zahoro, mtu wa Ujiji, mkaanga chipsi. Jiko lake la mkaa alilisukuma mpaka likagusa bati la katikati, ili upepo usilichezee. Siku moja Ketrina aliweka kiganja kwenye bati: moto. Akakiweka kwenye laptop: moto. Kesi ikaisha palepale, hukumu ikasomwa, bado mshtakiwa tu kuarifiwa.

"Wewe Zahoro! Sogeza jiko lako!"

"Nilisogeze wapi, dada, barabarani? Lori liniivishie viazi?"

"Unaniunguzia kompyuta!"

"Mimi nakaanga viazi. Hiyo kompyuta umeiona kwenye karai langu?"

"Ungepata nafasi ungeiweka. Mafuta yenyewe unayokaangia yamekuzidi umri."

"Na hiyo mashine yako ina homa. Ipeleke zahanati, usiniletee mimi."

Basi ikawa ndiyo salamu yao ya kila asubuhi. Ketrina akawa anapiga bati kwa kiatu. Zahoro akawa anachoma pilipili kwenye mafuta makusudi, mpaka mpwa wangu anachapa huku analia kama yuko msibani. Ketrina akawaambia madereva wajiulize kwa nini paka wa mtaa ule wamepungua tangu Zahoro aanze kuuza mishikaki. Zahoro naye, akimwona dereva anaelekea kwa Ketrina na karatasi mkononi, anamwita: "Kaka, nunua chipsi kwanza. Kwa huyo dada utasubiri mpaka gari lako liote mizizi."

Siku ya Jumatano Bi Raudha alikuwa na malori yanayosubiri kuvuka, na karatasi zote ziko kwa Ketrina. Laptop ikazima. Ikawashwa, ikazima. Bi Raudha akaja mwenyewe akasimama mlangoni, mtandio umetulia begani.

"Shikamoo, mama," akasema Ketrina.

"Marahaba. Karatasi zangu?"

"Mama, siyo mimi. Ni huyu jirani. Anaweka moto kwenye ukuta wangu makusudi, mashine inazima. Naapa mbele ya Mungu, ni moto wake."

Zahoro akachomoza kichwa. "Muongo huyo, Bi Raudha."

Bi Raudha aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayechagua papai bovu kati ya mapapai mabovu. "Nimechoka na nyie. Jumamosi asubuhi nitakaa hapa kwa macho yangu. Jiko liwake na mashine iwake. Ikizima, Zahoro abebe karai lake aende. Isipozima, Ketrina, utakuwa umeniapia uongo, na utarudi kwenu ukachume kahawa. Kibanda kimoja nataka kitupu."

Kahawa! Angemwambia ataenda jela, Ketrina angelala usingizi. Lakini Isansa, kikapu kiunoni, kaka zake wakimuuliza mambo ya kompyuta huku wamejishika mbavu?

Alhamisi Zahoro akaanza kuimba. Aliimba kila alipogeuza viazi, wimbo wa kutunga mwenyewe, juu ya basi la Vwawa, njia ya kurudi Isansa, na msichana aliyepanda na mabegi yake. Ketrina akavumilia ubeti wa kwanza, akavumilia wa pili. Kisha akachukua ndoo ya maji ya kudekia, akatoka, akaimwaga yote kwenye jiko.

Jivu lilipanda! Zahoro akatokea ndani yake mweupe kama aliyefufuka, macho tu ndiyo ya binadamu. Akaingia kwenye kibanda cha Ketrina anapapasa kitu cha kujifutia. Mkono ukakutana na pindo la kitambaa. Akavuta. Laptop ikayumba, ikakaa juu ya mbao tupu, na Zahoro akajipangusa uso mzima na maua ya waridi ya dada yangu, akamtupia.

"Kitambaa cha mama yangu!"

"Na uso huu alinipa mama yangu!"

Madereva wakawashika, huyu huku, huyu kule. Wangechelewa kidogo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Ketrina alikifua kile kitambaa huku akimlaani Zahoro kwa Kinyiha, lugha yenye laana nzuri kuliko Kiswahili, akakianika kwenye waya. Mchana huo laptop haikuzima. Alichapa karatasi moja, nyingine, na nyingine. Akafurahi moyoni: si mnaona? Jiko limelowa, mashine imepona. Ushahidi gani tena?

Ijumaa Zahoro akawasha upya, na kwa hasira akajaza mkaa maradufu. Bati likawaka kiasi kwamba lilikuwa linatoa sauti. Ketrina akakunja mikono akaisubiri laptop izime. Aliiomba izime. "Zima basi," akaiambia. Laptop ikaendelea tu. Zahoro akaenda msikitini, akarudi, akachochea tena, na laptop iko hai.

Ndipo Ketrina akainyanyua na kuchungulia chini yake. Kulikuwa na vitundu vidogo vidogo kama vya chujio, na kutoka humo upepo wa moto ulimpuliza kiganjani. Ketrina akatazama vitundu, akatazama kitambaa kwenye waya. Kilikuwa kimekauka. Akakileta, akakitandika kama siku zote. Nyuki wakaanza kulia. Pu! Akakiondoa, akaiacha ipoe, akaiwasha. Ikakaa vizuri, mpaka jioni.

Mpwa wangu akakaa kwenye kiti chake akaanza kufikiri, na ukimjua Ketrina, fikra zake zinatisha kuliko ndoo.

Maana hakuna aliyejua ila yeye. Jumamosi angetandika kitambaa, kama kilivyotandikwa tangu mwanzo, mbele ya watu wote, na hakuna ambaye angemwuliza. Laptop ingezima yenyewe. Zahoro angekwenda na pilipili yake, na nyimbo zake, na Ketrina angebaki.

Jumamosi Bi Raudha akaja, akawekewa kiti katikati ya vibanda viwili, na chupa ya chai. Jiko la Zahoro lilikuwa linawaka. Pembeni yake alikuwa amekwisha kufunga benchi na sufuria zake kwa kamba. Kumbe naye aliamini! Mtu aliyekuwa anambishia Ketrina kutwa, ndani kwa ndani alikuwa anadhani kosa ni la moto wake.

"Usifurahie," akamwambia Ketrina. "Nikihama nitahamia mlango wa nyumba unayolala."

"Njoo. Na paka wako."

"Washa mashine," akasema Bi Raudha.

Ketrina alikuwa ameshika kitambaa, kimepigwa pasi. Msidhani alimhurumia Zahoro. Alimchukia tangu ndala mpaka kofia. Lakini Jumatano aliapa bila kujua. Kukitandika sasa ni kuapa mara ya pili, na safari hii anajua. Akakikunja, akakitia kwenye mkoba, akaiweka laptop mezani ikiwa uchi kama ilivyoundwa.

Akachapa. Jiko likawaka. Bi Raudha akanywa chai, akaongeza, akanywa.

"Haijazima," akasema.

"Haitazima, mama. Ni kitambaa changu kilikuwa kinaiziba pumzi. Jiko halina kosa."

"Na kile kiapo?"

"Niliapa nikidhani ni kweli."

Bi Raudha akaweka kikombe chini. Na hapo, ndugu zangu, ndipo Zahoro alipopiga magoti! Machozi yanamtiririka, akamshika Bi Raudha mtandio, akalia kwamba dada huyu akiondoka na yeye anaondoka, malori yote yakapiga honi kwa pamoja mpaka ng'ombe wa Chitete wakakata kamba, na Zahoro akamgeukia Ketrina akamwambia, dada yangu wa damu, kuanzia leo chipsi zangu zote ni...

"Mjomba, hapo sichapi."

"Chapa wewe, watu wanasubiri."

"Zahoro hakupiga magoti. Alisema, 'Na viazi vyangu vya Alhamisi?' akafungua kamba za benchi. Bi Raudha alisema nibaki kwa sababu karatasi zake zilikuwa hazijaisha, na kwamba nikiapa tena asinione. Mimi na yule mtu hatujasalimiana mpaka leo. Nichape hivyo, au ukachapiwe kwingine?"