Chuma Chini ya Kamyo ya Baba

Juzi, karibu na hoteli ya Karavia, nilimwona fundi amelala chali chini ya jeep, anakaza bamba la chuma. Nikasimama pale, rafiki yangu, nikasahau kabisa nilikokuwa ninakwenda.

Baba alikuwa na kamyo kuukuu, lori la mizigo. Kila kiangazi alipeleka unga Kilwa, ile ya ziwani kwetu Kongo, na kurudi na samaki wakavu. Mama alifuatana naye, maana ndiye aliyejua kuchagua samaki. Safari moja jiwe likapasua karter, lile bakuli la mafuta chini ya injini, mafuta yote yakaishia mchangani. Walikaa porini siku nne. Mama aliondoka na mimba, akarudi bila mimba.

Baba akasema, "Mimi sitarudia kule tena."

Yakapita majuma mengi. Asubuhi moja mama akajifunga kikwembe kiunoni, akaenda kwa jirani yetu, mzee aliyechomelea vyuma miaka mingi kwenye mgodi wa Kambove.

"Papa, utuwekee chuma kule chini. Ile njia haitanikamata tena."

"Tutaweka ya nene, mama. Lakini tuache tundu, mafuta ya zamani ipate kutoka."

Kazi ilichukua siku mbili. Harufu ya chuma kilichoungua iliingia mpaka ndani ya bukari yetu, ugali wa jioni. Nyanya alitukataza kutazama cheche, nasi tulitazama kupitia vidole. Jirani alizoea kusema, "Kinachokubeba, ukague tumbo lake."

Likizo ilipofika, nami nilichukuliwa safarini. Siku ya pili, kwenye mteremko, tulisikia kishindo chini ya miguu yetu. Baba akazima injini. Hakuweza kufungua mlango. Mama ndiye aliyeshuka, akalala kwenye vumbi, akaingia chini ya kamyo. Alikawia huko. Alipotoka nywele zake zilikuwa nyekundu.

"Chuma imebonyea kidogo. Karter iko muzima. Twende."

Baba akaweka uso kwenye usukani, akalia. Mama akamshika mgongo, akangoja mpaka amalize.

Kilwa tulikula samaki wabichi wa kuchoma kwa mikono yote miwili.

Jirani amekwisha kufa. Kamyo iliuzwa vipande vipande. Baba alitangulia, mama akafuata, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtaja yule mtoto. Leo ningependa kujua kama walikuwa wamemchagulia jina. Sina tena wa kumuuliza.