Kwa Nini Kwangu Kuna Ua wa Makuti

Mtu akija kwangu Tunguu mara ya kwanza hushangaa. Nyumba ya ghorofa, vigae vyekundu, geti la chuma nililolichora mwenyewe kwa kidole kwenye mchanga na fundi akalifuata vile vile. Halafu upande wa bustani, ua wa makuti. Na mimi ndiye muuza matofali. Kuta nyingi unazoziona Kiembe Samaki zimetoka kwangu, na shule niliishia darasa la tano. Mafundi wangu wananicheka. Mwaka wa tatu huu, masika yakipita naufunga upya.

Mimi nimekulia Kusini, kwenye nyumba ya udongo yenye ua wa makuti. Ulikuwa ukioza kila mwaka. Mbuzi walipenya wakala mihogo yetu, na watoto wenzangu walichungulia kwenye matundu wakamcheka mama, anafua kanga yake moja. Niliapa kitoto tu, lakini niliapa: nikiwa na kwangu, kuti halitii mguu.

Niliponunua kiwanja hiki nikajenga, baina ya bustani yangu na uani kwa majirani zangu, mzee mmoja na mkewe, palikuwa na ua wao wa makuti, umelala upande. Nikamwambia mzee nitajenga ukuta wa futi nane kwa gharama zangu. Akacheka. "Unafuga mchicha au wafungwa?" Lakini alikubali. Siku ile ile nikaung'oa ua wake, nikauchoma moto, nikachimba msingi.

Siku ya nne mzee akafariki.

Tulisimamisha kazi, tukazika, tukasoma hitima. Kisha mafundi wakarudi, na mimi nimesimama mikono nyuma, nawaelekeza. Mke wangu akaniita jikoni.

"Mafundi wako wanaondoka lini?"

"Ukuta ukiisha. Wiki tatu hivi."

"Bi mkubwa wa jirani yuko eda, bwana, haonwi na wanaume. Choo chake kiko uani, jiko lake liko uani. Tangu asubuhi yumo chumbani, anangoja wanaume wako waende kula ndio atoke."

Niliona haya. Eda nikiijua ni miezi minne na siku kumi, mambo ya wanawake. Haikunipitia kichwani kwamba inataka ua, na ua wenyewe nimeuchoma mimi.

Niliwaondoa mafundi pale pale. Nikaanza kufikiri, na mimi kwa kufikiri sishindwi. Mchongoma ni mzuri, lakini mpaka ufunge ni miaka miwili. Seng'enge ninayo stoo, lakini inazuia mbuzi, haizuii macho. Nikatundika turubai, alasiri upepo ukalichukua, tukalikuta limeufunika mwasumini. Mabati?

"Utamkaanga," alisema mke wangu.

"Basi nilete mafundi wengi, ukuta uishe kwa wiki."

"Wengi, wapande juu, wamwangalie kichwani."

Lililobaki nilikuwa nalijua, sikutaka kulitamka.

"Makuti," akasema yeye.

"Kwangu mimi?"

"Kwa Bi mkubwa. Wewe utaona mgongo wa ua tu."

Asubuhi nilikwenda kununua fito, kamba za makumbi ya nazi na makuti ya kumba, yale mapana ya kufungia ua. Sikuchukua fundi, kila mwanamume mmoja asiyekuwepo ilikuwa nafuu kwake. Nikavua saa, nikalowesha kamba, nikaanza. Mikono haikuuliza kitu. Baba alinifundisha kuti la juu lilale juu ya la chini kama magamba ya samaki, na kumbe nilikuwa sijasahau.

Nikasikia sauti nyuma ya dirisha lililofungwa.

"Nani anafunga?"

"Ni mimi, Bi mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe mwenyewe? Mwenye gari mbili?"

"Tatu, Bi mkubwa."

Nikasikia kicheko kidogo, cha kwanza kukisikia tangu msiba.

"Haya, mwenye gari tatu. Kaza kamba."

Nilimaliza baada ya alasiri. Tunguu nzima hakuna ua ulionyooka kama ule, nasema hivyo bila kuogopa mtu. Nikakaa juu ya matofali yangu kupumzika. Upande wa pili komeo likafunguliwa. Nikasikia ndara, maji yanamiminwa, halafu ufagio, taratibu, unafagia uani kote. Sikujitikisa. Nilikaa kama ninayemlinda mama yangu.

Ufagio ukasimama karibu nami.

"Mwenye gari tatu."

"Naam."

"Hapa chini umeacha tundu."

"Haliwezi kuwepo, Bi mkubwa. Nimefunga mimi."

Chelewa moja ya ufagio ikapenya kwenye makuti, ikanigusa mguu.

Nikapiga magoti, nikaliziba, nikafunga mafundo mawili. Ufagio ukaendelea.